Dadu ya Kweli na Dadu ya Kubembeleza

Katika muhtasari wa hisabati wa shule za sekondari, uwezekano ni mada fupi. Mwanafunzi huambiwa arushe sarafu, arushe dadu, akokotoe sehemu chache, kisha mtihani hupita na mada husahauliwa. Lakini mwanafunzi huyo huyo hukutana na uwezekano kila jioni mahali pengine. Katika michezo ya kompyuta na ya simu inayohusu mikakati ya vita na utawala, na katika ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya shujaa na kusafiri katika nchi za kubuni, kila pigo la upanga na kila mavuno ya shamba huamuliwa kwa dadu isiyoonekana. Asilimia huandikwa kwenye kioo, kijana huisoma, huamua, kisha huona matokeo. Hufanya hivyo mara mamia kwa siku moja. Hakuna mwalimu awezaye kumpa mazoezi mengi kiasi hicho.

Kwa hiyo swali linalowapasa walimu si lile lililozoeleka, yaani kama michezo hii hupoteza wakati. Swali ni hili: dadu hiyo isiyoonekana ni ya namna gani? Hoja ya makala haya ni kwamba zipo dadu za namna mbili. Ipo dadu ya kweli, ambayo hutoa kile inachotangaza, impendeze mchezaji au imchukize. Na ipo dadu ya kubembeleza, ambayo hutangaza namba moja na kutenda kwa namba nyingine ili mchezaji asikasirike akauacha mchezo. Michezo mingi ya zamani ilitumia ile ya kwanza. Baadhi ya michezo mashuhuri ya karne hii imehamia kwenye ya pili. Kijana asiyejua tofauti hiyo hujifunza hisabati ya uongo bila kufundishwa na mtu, na hutoka nayo nje ya mchezo.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana katika juma moja tu. Na achukuliwe mwanafunzi wa kidato cha tatu aliye likizoni, mwenye daftari, kalamu na mahali pa kuchezea, ambaye kila siku anacheza mchezo mmoja na kuandika anachokiona.

JUMATATU: GHALA LA MTAWALA

Yafaa aanze na mchezo uliotungwa na mwalimu. Mwaka 1964, katika jimbo la New York nchini Marekani, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Mabel Addis alibuni mchezo wa kompyuta kwa ajili ya wanafunzi, ambamo mtoto alikuwa mtawala wa mji wa kale wa Sumeri na kugawa nafaka kati ya chakula, mbegu na akiba. Huo ni miongoni mwa michezo ya mwanzo kabisa ya mikakati katika historia ya kompyuta. Kutokana na wazo hilo ulizaliwa mchezo mfupi uitwao Hamurabi, ambao ulienea sana baada ya kuchapishwa na David Ahl katika kitabu cha mwaka 1973.

Hesabu yake iko wazi. Mtawala huanza na watu 100, ekari 1,000 na vipimo 2,800 vya nafaka. Kila mtu huhitaji vipimo 20 kwa mwaka, na aweza kulima ekari 10. Kipimo kimoja cha mbegu hutosha ekari 2. Basi chakula ni vipimo 2,000, mbegu ni 500, na ghalani hubaki 300. Mavuno ya kila ekari huamuliwa kwa dadu: kipimo 1, 2, 3, 4 au 5, na kila namba ina nafasi sawa. Mwaka wa neema huleta vipimo 5,000. Mwaka wa ukame huleta 1,000, ambavyo pamoja na akiba ni 1,300. Hivyo hulisha watu 65 bila kubakiza hata mbegu. Panya nao huweza kula nusu au robo ya akiba, na kila mwaka kuna uwezekano wa tauni kuua nusu ya watu.

Mwanafunzi atagundua mambo mawili. Kwanza, mtawala aweza kuamua vema na bado watu wakafa njaa. Pili, ukame wa mwaka jana hauzuii ukame wa mwaka huu. Uwezekano wa mwaka mbaya ni 1 kati ya 5, na mwaka unaofuata ni 1 kati ya 5 vilevile. Dadu haina kumbukumbu wala huruma.

JUMANNE: DADU ILIYO NDANI YA KOMPYUTA

Siku ya pili ni ya mchezo wa Rogue, uliotungwa karibu na mwaka 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz. Ulifuata mkondo wa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambao ulitumia dadu halisi, mojawapo ikiwa na nyuso 20. Katika Rogue hakuna picha. Shujaa ni alama moja, na kila zimwi ni herufi ya alfabeti. Mashimo na vyumba hupangwa upya kila mchezo unapoanza, na shujaa akifa, safari imekwisha.

Lakini kompyuta haina mkono wa kurushia dadu. Inawezaje kubahatisha? Jibu ni kwamba mara nyingi haibahatishi, hukokotoa. Mwanafunzi aweza kutengeneza dadu ya namna hiyo kwa kalamu. Achague namba 7. Aizidishe kwa 5, aongeze 3, agawanye kwa 16 na kuchukua baki. Atapata 6. Akirudia kanuni hiyo atapata 1, kisha 8, 11, 10, 5, 12, 15, 14, 9, 0, 3, 2, 13, 4, na mwishowe 7 tena. Namba zote kuanzia 0 hadi 15 zimepita mara moja moja, na kwa jicho la haraka hazina mpango. Akitazama tena ataona kasoro: namba witiri na shufwa zinapishana bila kukosea hata mara moja. Dadu hiyo haifai. Zile zilizomo katika programu za leo zina kanuni bora zaidi, lakini asili yake ni hiyo hiyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa na mtu chaweza kupindwa na mtu.

JUMATANO: MALALAMIKO YA WASHINDI

Siku ya tatu ni ya mchezo wa Civilization, uliotolewa mwaka 1991 na Sid Meier, ambamo mchezaji huongoza taifa kuanzia mwaka 4000 kabla ya Kristo. Katika toleo hilo la kwanza ilitokea mara kwa mara kwamba askari wa kale wenye mikuki walikishinda kifaru cha kisasa. Wachezaji walicheka, wengine wakaghadhibika. Lakini kihisabati hapakuwa na ajabu: jambo lenye uwezekano mdogo hutokea, ila hutokea mara chache.

Miaka ilipopita, watungaji walianza kuisikiliza ghadhabu hiyo. Katika hotuba aliyoitoa San Francisco mwaka 2010, Meier alieleza yaliyojiri walipotengeneza toleo la mwaka 2008 liitwalo Civilization Revolution. Wachezaji walioonyeshwa kuwa wana nguvu 3 dhidi ya 1 waliona kushindwa ni dhuluma, ingawa kwa hesabu hiyo mtu hutarajiwa kushindwa mara 1 kati ya 4. Wachezaji hao hao walipokuwa na nguvu 1 dhidi ya 3 wakashinda, hawakulalamika. Basi hesabu ikarekebishwa ili ilingane na hisia, na matokeo ya mapigano yaliyotangulia yakaanza kuzingatiwa katika lile linalofuata.

Maana ya badiliko hilo ni kubwa. Katika mchezo wa namna hiyo, aliyeshindwa vita kwa bahati mbaya huongezewa nafasi ya kushinda vita vinavyofuata. Dadu imepewa kumbukumbu. Imani ya kale ya mcheza kamari, kwamba baada ya kukosa sana lazima apate, imegeuzwa kuwa sheria ya dunia.

ALHAMISI NA IJUMAA: ASILIMIA 90 AMBAYO SI 90

Siku mbili zitolewe kwa mfululizo wa Kijapani uitwao Fire Emblem, ulioanza mwaka 1990. Huu huchanganya mikakati na uigizaji wa mashujaa, na kabla ya kila shambulio huonyesha asilimia ya kulenga. Kuanzia toleo la mwaka 2002, kompyuta ilianza kurusha dadu mbili badala ya moja, kila moja ikiwa na namba 0 hadi 99, kisha kuchukua wastani wake. Shambulio hufaulu kama wastani huo uko chini ya asilimia iliyoandikwa.

Mwanafunzi akokotoe. Asilimia iliyoandikwa ni 90. Ili shambulio likose, jumla ya dadu mbili lazima ifikie 180 au zaidi. Jozi zote za namba ni 10,000. Jozi zenye jumla hiyo ni 1 + 2 + 3 na kuendelea hadi 19, yaani 190 tu. Kwa hiyo shambulio lililoandikwa asilimia 90 hufaulu kwa asilimia 98.1. Lililoandikwa 75 hufaulu kwa 87.75. Na adui aliyeandikiwa 10 hufaulu kwa asilimia 2.1 tu. Sababu yaeleweka na yeyote aliyewahi kujumlisha dadu mbili: wastani hupenda kukaa katikati, na kingo huwa adimu. Kwa kuwa mashujaa wa mchezaji aghalabu huwa na asilimia kubwa na maadui huwa na ndogo, kanuni hiyo humfaa mchezaji pande zote mbili.

Hapa kuna jaribio la kisayansi lisilohitaji maabara. Mwanafunzi ahesabu mashambulio 100 yaliyoandikwa asilimia 75. Dadu ya kweli itafaulu aghalabu kati ya mara 66 na 84. Akipata 88, au karibu na hapo, ana haki ya kushuku. Akirudia na kupata hivyo tena, ana haki ya kusema. Hivyo ndivyo sayansi inavyofanya kazi mahali pote: mtu hatazami tangazo, hutazama hesabu ya matukio.

JUMAMOSI: MLANGO WA MALIPO

Siku ya sita ni ya michezo ya simu ambayo huingiwa bure, lakini shujaa adimu hupatikana kwa bahati nasibu, na nafasi za kujaribu huuzwa kwa fedha halisi. Wajapani huiita gacha. Katika Genshin Impact, mchezo wa Kichina uliotolewa mwaka 2020, uwezekano uliotangazwa wa kupata shujaa wa daraja la juu kwa jaribio moja ni asilimia 0.6, pamoja na ahadi kwamba asiyepata hadi jaribio la 90 hupewa. Ahadi hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa bila hiyo wachezaji 58 hivi katika kila 100 wangefika jaribio la 90 mikono mitupu.

Kutangaza asilimia ni jambo jema, tena halikuja kwa hiari ya wafanyabiashara peke yao. Japani ilipiga marufuku namna moja ya bahati nasibu hizo mwaka 2012. China iliwataka watoaji wa michezo watangaze uwezekano kuanzia mwaka 2017. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa katika baadhi ya michezo ni kamari. Lakini ahadi ya jaribio la 90 nayo ni mwalimu. Humfundisha kijana kwamba anayeendelea kulipa mwishowe hupata. Ndani ya mchezo huo ni kweli. Kwenye kamari ya mpira si kweli kamwe.

JUMAPILI: BAO

Juma lifungwe kivulini, kwa mchezo wa mikakati ambao pwani ya Afrika Mashariki imeutunza bila kompyuta. Bao la kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa. Kila kete yaonekana na wote wawili. Anayeshindwa amezidiwa akili, hana wa kumlaumu.

Bao halina bahati, na ndiyo sababu linafaa kuwekwa mwisho. Mwanafunzi aliyetoka Hamurabi akafika kwenye bao ataona kwamba kushindwa kuna namna mbili. Kuna kushindwa kwa kukosea, na kuna kushindwa kwa bahati mbaya baada ya kuamua vema. Aliyeshindwa kwa kukosea yampasa abadili njia. Aliyeshindwa kwa bahati yampasa aishike njia ile ile. Mtu asiyeweza kuzitenganisha ataacha njia njema kwa ajili ya ajali moja, au atang'ang'ania njia mbaya kwa ajili ya bahati moja.

NJE YA MCHEZO

Watasema wengine kwamba haya ni makuu yasiyostahili mchezo. Mchezo ni burudani, na mtungaji ana haki ya kumfurahisha anayecheza. Hiyo ni kweli, na hakuna haja ya kumshtaki mtungaji. Lakini yafaa yatazamwe mambo matatu ambayo kijana wa Afrika Mashariki hukutana nayo akiinua macho kutoka kwenye simu.

La kwanza ni ugonjwa wa selimundu, ambao Tanzania, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi zinazoathirika sana. Baba na mama wakiwa wote wawili wamebeba jeni moja ya ugonjwa huo, kila mtoto wao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 kuzaliwa nao. Si rahisi kwa mzazi kuelewa kwamba ni kila mtoto. Anayedhani dadu ina kumbukumbu atasema: wa kwanza ameugua, basi watatu wanaofuata wamesalimika. Hesabu hiyo ni ya uongo, na gharama yake ni maisha ya mtoto.

La pili ni utabiri wa mvua. Kituo cha ICPAC nchini Kenya hutoa utabiri wa msimu kwa uwezekano: asilimia kadhaa kwamba mvua itazidi wastani, kadhaa kwamba itakuwa ya wastani, na kadhaa kwamba itapungua. Mkulima anayesikia asilimia 60 ya mvua pungufu, kisha mvua ikanyesha vizuri, husema wataalamu wamedanganya. Hawakudanganya, katika misimu 10 ya namna hiyo, 4 hutarajiwa kwenda kinyume. Mtu aliyezoea asilimia 75 inayotenda kama 88 hawezi kuivumilia 60 inayotenda kama 60. Atautupa utabiri, na msimu ujao atapanda kwa kukisia.

La tatu ni kamari. Katika miji ya Kenya, Tanzania na Uganda kubashiri matokeo ya kandanda kwa simu kumekuwa jambo la kila siku, na vijana ndio wengi. Kijana aliyepoteza mara tano huweka fedha ya mara ya sita kwa imani kwamba zamu yake imefika. Imani hiyo ina vyanzo vingi vya zamani kuliko kompyuta. Lakini mchezo unaomwongezea mshindwa nafasi, na ule unaoahidi tuzo katika jaribio la 90, huitia imani hiyo maji na mbolea.

KAZI YA MWALIMU

Kupiga marufuku michezo hakutasaidia, kwa kuwa simu haikai darasani. Wala kuinyamazia hakutasaidia. Lililo ndani ya uwezo wa shule ni kuifungua dadu na kuionyesha. Shule isiyo na kompyuta haina udhuru, maana Hamurabi huchezwa kwa karatasi na dadu ya kawaida, mradi namba 6 ikitokea irushwe upya. Darasa la wanafunzi 40 laweza kugawanywa katika miji 10, kila mji ukatawaliwa miaka 10, na matokeo yote yakaandikwa ubaoni. Wanafunzi wataona miji iliyotawaliwa kwa busara ikianguka, na mingine iliyotawaliwa ovyo ikineemeka, lakini wataona pia kwamba hesabu ikirudiwa sana busara hushinda. Ni somo la hisabati, la kilimo na la uraia kwa kipindi kimoja.

Mamlaka za elimu nazo zina la kufanya. Mada ya uwezekano yapasa kusogezwa karibu na selimundu, mvua na kamari, badala ya kuachwa katika mifuko ya gololi nyekundu na za kijani. Na wasimamizi wa biashara za simu waweza kudai jambo dogo lenye haki: kila asilimia inayoandikwa mbele ya mtoto anayelipa iwe ndiyo asilimia inayotenda.

Mwanafunzi aliyemaliza juma lile hataacha kucheza, wala hapaswi kuacha. Ataendelea kuongoza mashujaa wake na kutawala miji yake. Tofauti ni kwamba daftari litakuwa kando ya simu, na kila atakapoandikiwa asilimia 90 atajua swali la kuuliza: 90 ya kweli, au 90 ya kumbembeleza?